Mlezi wa Vifurushi Arobaini na Vitatu

Ndugu, majirani, walimu na wafanyakazi wa chuo, na ninyi wenzake wa kazi ambao hamkuweza kufika na mnasikiliza kupitia simu iliyowekwa hapa mezani kando ya maua, familia inawashukuru kwa kuwa nasi, na inawaomba mkae vizuri, kwa sababu maisha ya mzee wetu hayakuwa marefu kama tulivyotaka lakini pia hayasomeki kwa dakika mbili. Maneno haya yameandikwa na mkewe na yanasomwa na mdogo wa mwisho wa mzee, ambaye ameagizwa ayasome kama yalivyo, asiruke hata pale anapotajwa yeye mwenyewe.

KUZALIWA

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Subirini kwa sababu itakayoelezwa mbele, alizaliwa Jumanne tarehe 9 Aprili 1963, saa nne asubuhi, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa sita, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mtunza ghala wa reli na mshonaji wa nguo. Ghala la baba yake lilikuwa la vipuri, na kila rafu ilikuwa na kadi, na kila kadi iliandikwa jina la kipuri, kinafungwa na kipuri gani kingine, tarehe kilipoguswa, na sahihi ya aliyekigusa. Marehemu alijifunza kusoma kwenye kadi hizo kabla hajaingia darasani, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba neno la kwanza la mtoto huyu lilikuwa "mama" na la pili lilikuwa "sahihi", jambo ambalo shangazi zake wanalikataa mpaka leo.

ELIMU

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya njia ya reli kuanzia Januari 1970 hadi Novemba 1976, kisha sekondari ya kutwa kuanzia 1977 hadi 1980, kisha chuo cha ufundi kuanzia 1983 hadi 1985, ambako alipata cheti cha mashine za ofisi.

Akiwa darasa la sita, mwaka 1975, alipewa kazi ya kutunza vitabu vya darasa, na kwa kuwa vitabu vingi vilikuwa vimechanika, aliazima kile kilichokuwa kizima, akanakili kwa mkono kurasa zilizopotea, akazishona kwa uzi wa mama yake, na ndani ya jalada la kila kitabu akabandika kikaratasi kinachoeleza ukurasa gani umebadilishwa, kwa nini, na tarehe gani, akatia sahihi. Mwalimu mkuu alipoona maandishi ya mkono ndani ya vitabu vya shule hakuuliza, alimchapa viboko vinne. Wiki moja baadaye mwalimu wa hesabu aligundua kwamba vitabu vyenye kurasa za mkono vilikuwa sahihi kuliko vya kiwandani, maana kwenye kikaratasi kimoja marehemu alikuwa ameandika kuwa jibu la swali la nane lilikuwa na kosa na amelirekebisha. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, akamwambia, "Viboko havirudishwi, kijana, lakini kuanzia leo vitabu vya shule nzima ni vyako." Ikawa ndiyo desturi ya maisha yake yote, kwamba akifanya kazi vizuri anaongezewa mzigo, na yeye anasema asante.

KAZI NA NDOA

Haya mawili hayatenganishiki, kwa hiyo yatasomwa pamoja. Jumatatu tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa na chuo cha ualimu kama fundi wa mashine za ofisi, akapewa karakana, yaani chumba kimoja nyuma ya maktaba chenye dirisha linalotazama tangi la maji, na humo alikaa miaka thelathini na mitano. Mwaka 1990, kwenye masijala ya chuo hicho, kulikuwa na karani ambaye taipureta yake ilikuwa inaganda kila ikifika herufi ya mwisho ya mstari. Fundi aliitwa, akafungua mashine, akatazama, akauliza kwa sauti ya kupeleleza, "Nani aliigusa hii mara ya mwisho?" Karani akamjibu, "Wewe, wiki iliyopita." Fundi hakukasirika, alitoa daftari lake mfukoni, akatafuta, akakuta kweli ni yeye, akaandika kosa lake mbele ya karani na kutia sahihi. Karani huyo alikuwa na wachumba wengine wawili wenye maneno matamu, lakini hakuwahi kumwona mwanamume akiandika kosa lake bila kulazimishwa, na tarehe 21 Desemba 1991, siku ya Jumamosi, walifunga ndoa.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1993, ambaye sasa ni mwalimu, na mwana aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1997, ambaye ni fundi wa majokofu. Mwana huyo ndiye aliyewahi kumwambia baba yake mbele ya wageni, "Baba, una vifurushi arobaini na vitatu na watoto wawili, na wanaosasishwa kila wiki si sisi." Baba yake alimjibu kwamba watoto hawakuja na maelezo.

Kompyuta zilipoletwa chuoni mwaka 1996, taipureta zilienda stoo na marehemu akajifundisha upya. Mwaka 1998 mkufunzi aliyekuwa anahama alimwachia diski ya Linux, mfumo wa kompyuta ambao mtu anaruhusiwa kuufungua, kuusoma na kuurekebisha, na tangu siku hiyo mkewe alijua kwamba ameolewa uke wenza.

Wengi mmeuliza hapa msibani mzee alikuwa anafanya nini hasa pale mezani kwake, na mkewe, aliyekaa miaka mingi akidhani vifurushi ni mizigo ya posta, anaomba alieleze jambo hili kama alivyolielewa. Programu za kompyuta huandikwa na watu mbalimbali duniani, kila mtu kwao na kwa mtindo wake, kisha upo mradi wa watu wa kujitolea unaozikusanya zote katika ghala moja ili mwenye kompyuta azipate zimechambuliwa na zinaelewana. Kila programu inafungwa kuwa kifurushi chenye lebo inayosema kinahitaji vifurushi gani vingine ili kifanye kazi, na kila kifurushi kina mtu mmoja anayekitunza, ambaye mwandishi akitoa toleo jipya analichukua, analichambua kama mtu anavyochambua mchele, anatoa mawe, anajaribu, anaandika alichobadilisha, anatia sahihi kwa ufunguo wa siri, na kulipandisha ghalani, na kutoka hapo kompyuta za watu wasiojuana zinalichota. Waandishi wengi wakishaandika huondoka zao, na anayebaki na programu miaka kumi au ishirini ni mtunzaji. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mzee wetu alikuwa mlezi.

Tarehe 17 Oktoba 2002 alipokewa rasmi katika mradi huo, na ufunguo wake wa kutia sahihi aliuweka kwenye flashi ndogo, na flashi akaiweka ndani ya kopo la vifungo alilorithi kwa mama yake, kwenye rafu ya juu jikoni, kwa sababu alisema hakuna mwizi anayeiba vifungo.

Kosa lake kubwa lilitokea Ijumaa tarehe 5 Juni 2009, na yeye mwenyewe alitaka lisomwe siku kama ya leo. Alikuwa na toleo jipya la kifurushi kimoja cha msingi, ambacho programu nyingine thelathini na saba zinakitegemea, na kanuni ni kwamba ukibadilisha cha msingi unajenga upya, yaani unavifunga tena tangu mwanzo, na vyote vinavyokitegemea, kama vile ukibadilisha kitasa unabadilisha na funguo za wote wenye nyumba. Lakini siku hiyo ilikuwa harusi ya mdogo wake, huyu anayewasomea, na gari lilikuwa linapiga honi nje, na bwana harusi mwenyewe alikuja mlangoni akasema, "Kaka, hicho kitu kitakukimbia? Twende!" Marehemu akapandisha kile cha msingi peke yake, akafunga kompyuta, akaenda kucheza. Maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka Jumapili jioni programu thelathini na saba zilikuwa zimekataa kufunguka katika kompyuta za watu wengi, yeye simu yake iko kwenye koti, na aliporudi alikuta barua pepe mia mbili na kumi na nne. Moja ilitoka kwa mfamasia asiyemjua, wa hospitali asiyoijua, ilisema hivi tu, "Leo nimeandika lebo za dawa kwa mkono, wagonjwa mia moja na kumi, kwa ajili yako." Marehemu aliichapa kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya meza yake, na ipo mpaka leo.

Tangu hapo hakupandisha kitu siku ya Ijumaa maisha yake yote, na kila aliyemletea simu au kompyuta akimuuliza aisasishe au asiisasishe, jibu lilikuwa moja, "Subirini kwanza." Watu wazima walimwita hivyo kwa mzaha, watoto wa mtaa wakadhani ndilo jina lake, na mwishowe hata mtendaji wa mtaa aliliandika kwenye orodha ya mkutano.

Baada ya kisa hicho aliomba mwenyewe apewe kifurushi kidogo cha kuchapia lebo, kile ambacho mfamasia yule alikuwa anakitumia, na kilichokuwa hakina mtu. Mwandishi wake aliacha kuandika mwaka 2011 na hakuonekana tena. Zahanati, maabara na maktaba nyingi zisizo na fundi wao zinakitumia, hazijui kinatoka wapi, na kwa miaka kumi na mitatu kilitoka kwenye meza yetu ya chumba cha mbele, kati ya pasi na redio.

KUUGUA

Marehemu alianza kukohoa Machi 2021, akasema ni vumbi la karakana, na mkewe akampa mpaka Agosti. Tarehe 12 Agosti 2021 daktari wa mapafu aliwaeleza wote wawili kwamba mapafu yanakakamaa kama sponji iliyosahaulika juani, kwamba dawa itapunguza mwendo lakini haitarudisha, na kwamba asiache kufanya anachokipenda. Hilo la mwisho ndilo pekee alilolisikia. Alistaafu mwezi Desemba mwaka huo, chumba cha mbele kikawekwa mashine ya oksijeni inayonguruma kama jokofu bovu, na meza ya kazi ikasogezwa karibu na kitanda.

Kuanzia Novemba 2022 hakuweza kukaa wima na kuchapa kwa wakati mmoja, kwa hiyo mkewe, ambaye vidole vyake vya masijala havijasahau, akawa mikono yake, mzee anasema na yeye anachapa, na hapo ndipo alipoyaona mambo ambayo alikuwa anayafuta vumbi kwa miaka ishirini bila kuyasoma.

Aliona, kwanza, kwamba mumewe hakuwa amemwambia mtu yeyote wa mradi kuwa anaumwa. Kila aliyeuliza alijibiwa wiki ijayo. Aliona, pili, kwamba katika mradi huo kifurushi kisicho na mtu kinaitwa yatima, majina ya yatima yanatangazwa kwa wote, na kwamba kila toleo kuu la mfumo mzima linapokaribia, mlango wa ghala unafungwa, na kifurushi chenye kasoro kisicho na wa kukitibu kinatolewa nje. Tangazo lilikuwa limefika, mlango ungefungwa Ijumaa tarehe 10 Machi 2023, na kwenye orodha ya wenye kasoro kilikuwemo kile cha lebo, maana kilikuwa kinakataa kujengwa kwa zana mpya. Na tatu aliona barua za mtu ambaye nyumbani tulikuja kumwita Mkutubi, kwa sababu ndiyo kazi yake huko aliko. Mkutubi alikuwa na ufunguo wake halali katika mradi kwa vifurushi vingine vinne, na kwa miaka minne alikuwa akimletea marehemu marekebisho ya kile cha lebo, na mara kumi na moja alikuwa amerudishiwa. Mara moja alirudishiwa kwa sababu hakuandika sababu, mara nyingine kwa sababu alirekebisha mawili kwa mpigo badala ya moja moja, mara mbili kwa sababu alileta Ijumaa. Marekebisho ya kuiponya kasoro ile yalikuwa yamekaa kwenye sanduku la barua tangu Oktoba.

Jumatatu tarehe 16 Januari 2023, baada ya kuanika nguo, mkewe alimsomea barua hiyo ya Oktoba yote, akauliza, "Nimjibu nini?" Mzee akasema, "Mwambie asubiri, nitaangalia nikipata nafuu." Mkewe akamwambia, "Baba watoto, mwaka jana ulisema ukipata nafasi, sasa unasema ukipata nafuu. Huyu dada amekosa nini?" Mzee akavuta pumzi mara mbili, akasema, "Hajakosa kitu. Lakini ghala si sebule. Humpi mtu ufunguo kwa sababu anajua kubisha hodi." Mkewe akasema, "Amebisha miaka minne, mkono wake utakuwa umevimba," na mzee akageukia ukutani.

Mkewe alichapa kama alivyoagizwa, kwamba tafadhali subiri. Halafu, bila kuagizwa, akaongeza chini yake maneno haya, "Mimi ni mke wake na ndiye ninayechapa. Anaumwa sana na hawezi kuwaambia. Kama unakitaka kifurushi hiki, usisubiri." Akabonyeza, ikaenda, akarudi kwenye nguo zake. Hakuwa shujaa. Alikuwa amechoka kuuguza mtu na vitu arobaini na vitatu kwa pamoja, na aliona wazi kwamba mgonjwa wake hatapumzika mpaka vitu hivyo vipate wenyewe, na kwamba peke yake hatavitafutia.

Jioni, baada ya kula, alimwambia alichofanya. Mzee hakusema neno mpaka saa sita mchana wa siku ya pili, na kwa mtu mwenye pumzi chache ni vigumu kujua kama amenuna au anajitunza. Kisha akauliza, "Uliandika siku gani?" Mkewe akasema Jumatatu. Mzee akasema, "Afadhali. Ungeandika Ijumaa tungeachana."

Mkutubi hakusubiri. Alipiga simu Jumanne hiyohiyo, na watu wa nyumba hii walikuwepo na walisikia, kwa kuwa sauti iliwekwa wazi. Alisema, "Mzee, mbona hukusema?" Marehemu akajibu, "Ungeanza kuniletea kazi mbovu, mimi nizipokee kwa aibu na wewe uniletee kwa huruma." Mkutubi akasema, "Mimi nikuhurumie? Baada ya kurudishiwa mara kumi na moja? Mzee, hata chembe." Marehemu alicheka mpaka akapaliwa na mkewe akamnyang'anya simu, lakini ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mashine ya oksijeni iingie ndani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na ingawa kupona hakukuwepo, unafuu ulianzia hapo.

Kwa wiki saba marehemu aligawa alivyokuwa navyo. Wenzake wa mradi, walipoambiwa, walijitokeza kila mtu akitaja anachokiweza. Mkutubi alichukua kumi na tisa, wengine wakachukua ishirini na mbili, na viwili havikupata mtu, vikatangazwa kuwa yatima, na marehemu alisema visililiwe kwa sababu vilikuwa vikorofi tangu utotoni. Kila jioni mkewe alifuta jina la mumewe kwenye lebo moja au mbili na kuandika jina la mwingine, na mzee akataka asomewe kila lebo mpaka nukta ya mwisho. Lakini cha lebo za dawa alikiacha mwisho, akamwambia Mkutubi, "Kijenge, na vyote vinavyokitegemea vijenge, na kila jaribio la kukikagua lililozimwa liwashe, ndipo tuongee."

Tarehe 6 Machi 2023 hali ilibadilika, akalazwa hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka dirishani, na kompyuta ikaenda naye kwenye mfuko wa nguo, kwa ruhusa ya muuguzi wa zamu ambaye aliambiwa ni suala la dawa, na hakudanganywa. Jumatano tarehe 8 Mkutubi alipiga simu, akasema kila kitu kimejengwa isipokuwa jaribio moja linakataa, na jaribio hilo lilikuwa limezimwa tangu 2014, na kando yake pameandikwa, "Nimelizima kwa muda, nitarudi," na sahihi ni ya marehemu. Akauliza kwa adabu, "Mzee, kwa muda ni muda gani?" Mkutubi akaeleza kwamba jaribio hilo linapima majina marefu, na linaonyesha kuwa jina likizidi urefu fulani, herufi ya mwisho inakatwa kwenye lebo.

Mkewe alikuwa amekaa pembeni na chupa ya dawa mkononi, akaigeuza. Pale kwenye lebo palikuwa na majina matatu ya mumewe, na la mwisho halikuwa na herufi yake ya mwisho. Akamsogezea mzee karibu na macho. Mzee aliisoma, akasema, "Miaka tisa nimekuwa nikilaumu printa." Kisha akasema, "Iandike. Kosa ni langu. Weka tarehe." Mkewe aliandika, kama ilivyokuwa masijala mwaka 1990, tofauti ni kwamba safari hii kalamu ilikuwa kwake.

Ilibaki siku moja na nusu kabla ya mlango kufungwa, na kwa hesabu za marehemu ilibaki siku moja, kwa kuwa siku ya kufungwa yenyewe ilikuwa Ijumaa. Mkutubi alifanya kazi kutwa, akaleta marekebisho ya herufi peke yake, na sababu yake, na tarehe yake, na mzee akasomewa mstari kwa mstari huku akishika barakoa ya oksijeni kwa mkono mmoja. Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, saa tisa na dakika arobaini alasiri, Mkutubi alitia sahihi kwa ufunguo wake mwenyewe na kupandisha kifurushi, pamoja na vyote vinavyokitegemea, na dakika ishirini baadaye jibu la ghala likaja kwamba kimepokelewa na majaribio yote yamepita. Marehemu hakushangilia. Alisema, "Nitoe jina." Mkewe akafuta jina lake, akaandika la Mkutubi, akamsomea. Mzee akasema, "Funga," na mkewe akafunga kompyuta, na marehemu akalala saa tatu mfululizo, usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mwaka uliopita, na mgonjwa wa kitanda cha kwanza akauliza kama amepewa dawa mpya.

Tarehe 15 Machi aliruhusiwa kurudi nyumbani. Kati ya siku ile ya Alhamisi na kifo chake zilipita siku ishirini na sita, na katika siku hizo hakuulizia barua wala kifurushi, alisikiliza redio, alibishana na mwanawe kuhusu majokofu, alimfundisha mkewe namna ya kukunja shuka ambayo mkewe anaijua tangu utoto, na kwa jumla alikuwa mume tu. Mkewe anataka zitajwe, kwa sababu zilikuwa zake.

KIFO

Mzee wetu alifariki nyumbani, chumba cha mbele, Jumanne tarehe 4 Aprili 2023, saa tisa alasiri, siku tano kabla ya kutimiza miaka sitini, akiwa na mkewe na binti yake. Hakuacha maneno makubwa. Mchana aliuliza leo ni siku gani, akaambiwa Jumanne, akasema, "Nzuri," na hakusema tena.

Alikuwa ameacha agizo kwamba akiondoka wasisubiri mazishi kuufunga ufunguo wake, maana sahihi ya marehemu isiyofungwa ni mlango wazi, mtu mbaya akiipata ataingiza uchafu ghalani kwa jina la mtu asiyeweza kukanusha. Ndani ya kopo la vifungo, chini ya flashi, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imechapwa mwaka 2002, yenye mistari kumi na minne ya herufi zisizosomeka, ambayo ndiyo inayobatilisha ufunguo. Jumatano asubuhi binti alisoma herufi moja moja kwa sauti na mama yake akazichapa, wakakosea mara mbili, wakarudia, ikakubali mara ya tatu. Walinzi wa funguo wa mradi walijibu kabla ya saa sita mchana, "Tumepokea. Umefungwa. Kuanzia sasa hakuna atakayetia sahihi kwa jina lake." Mkewe alilia hapo, ndipo alipopata nafasi, kisha akaosha uso na kuanza kupanga viti.

Familia haitaficha jambo. Tumelia, na pia tumeshusha pumzi. Tulimwuguza mtu ambaye tuliogopa ataondoka akiwa anahangaikia kazi, na ameondoka akiwa hana deni la kazi hata moja, isipokuwa vile viwili vikorofi, ambavyo kama kuna anayevitaka kati ya mnaosikiliza kwenye simu, aseme na Mkutubi.

SHUKRANI

Tunamshukuru daktari wa mapafu, aliyesema ukweli mapema na kwa lugha inayoeleweka, na wauguzi wa wodi ya wanaume waliofumbia macho kompyuta kitandani, na mfamasia wa hospitali aliyeletewa malalamiko ya herufi moja na akayaandika kweli kwenye daftari lake. Tunamshukuru jirani wa upande wa kushoto, aliyepitisha waya wa umeme dirishani kila wetu ulipokatika ili mashine ya oksijeni isizime, na hakuuliza msaada huo utaisha lini. Tunawashukuru walimu na wafanyakazi wa chuo, waliokuja na viti. Tunawashukuru wenzake wa mradi, ambao hatujawahi kuziona sura zenu, na tunakushukuru kipekee wewe Mkutubi, tunajua upo kwenye simu, na tunajua pia kwamba mazishi yamewekwa leo Alhamisi kwa makusudi, kwa kuwa siku iliyokuwa imebaki ni Ijumaa, na hapa nyumbani hakuna aliyethubutu.

Ufunguo umefungwa, kopo limerudi kuwa la vifungo, na lebo zenu zitatoka na herufi zote.

Pumzika kwa amani, baba watoto. Mezani hakuna kinachokusubiri.